Masuala yaliyowekwa kiporo Oslo
Kila nikiitazama picha ya tarehe 13 Septemba 1993, Waziri Mkuu wa Israel Rabin na kiongozi wa Wapalestina Arafat wakipeana mikono nje ya Ikulu ya Marekani huku Rais Clinton akiwa amekunjua mikono yake nyuma yao, moyo huniuma. Katika Makubaliano ya Oslo yaliyotiwa saini siku hiyo, Jerusalem, wakimbizi, mipaka na makazi ya walowezi wa Kiisraeli, yaani kiini chenyewe cha mgogoro, yote yaliwekwa kiporo hadi mazungumzo ya baadaye. Naamini wapatanishi walikosea hapo, kwa sababu wakati wanadiplomasia wakiahirisha, nyumba za walowezi ziliendelea kujengwa katika Ukingo wa Magharibi, juu ya ardhi ileile iliyokuwa ikijadiliwa. Rabin aliuawa Novemba 1995, na mkutano wa amani wa Camp David, Marekani, wa mwaka 2000 kati ya pande hizo mbili ukavunjika bila mapatano.