Picha za ukutani kwa hela ya mboga

Jamani ngoja nianze na zile picha za dukani. Unazijua, maua ya waridi au maporomoko ya maji ya sijui nchi gani, fremu ya plastiki rangi ya dhahabu, ukiuliza bei unaambiwa sitini, ukishangaa wanakushushia mpaka arobaini na tano na bado unatoka hapo unahisi umepigwa. Sizichukii, ila kila sebule ninayoingia iwe Tabata iwe Mbagala naikuta ile ile, halafu ukuta wangu juu ya kochi ni mrefu, hiyo moja ungeiona kama stempu kwenye bahasha. Nilitaka kitu kikubwa, cha rangi, na nisiguse hela ya kodi.

Sasa kitu kikubwa cha rangi mbona tunacho kabatini. Kanga. Ukiitandaza chini ukasimama juu yake ukaiangalia utaona yule aliyeichora alishamaliza kazi yote, pindo limezunguka pande zote nne, mji, ile picha kubwa, uko katikati, jina, yale maandishi, liko pale chini kwenye kiboksi chake. Kinachokosekana ni mbao tu za kuishikilia, na hapo ndo watu wengi wanaharibu, wanaigonga misumari ukutani hivi hivi ikining'inia inapepea na feni halafu wanasema kanga ukutani haipendezi. Haipendezi kwa sababu imelegea! Kanga iliyovutwa vizuri kwenye fremu ni kitu kingine kabisa, mgeni anakaa anaulizia umeinunua wapi.

Kuhusu ipi uchague. Ukiwa Dar nenda Kariakoo, mtaa wa Uhuru, zimepangwa mpaka unachanganyikiwa, we usiangalie kwa karibu kama unachagua ya kuvaa, mwambie muuzaji aishike afungue yote kisha rudi nyuma hatua kadhaa. Maua madogo madogo ukiwa mbali yanapotea yanakuwa ukungu tu, ila korosho kubwa, embe, tausi, duara, hivyo vinasomeka hata ukiwa mlangoni. Mi kipenzi changu ukutani ni kisutu, ile nyekundu nyeusi nyeupe ya maharusi, na uzuri wake mwingine kisutu mara nyingi haina jina kwa hiyo hakuna wa kukaa pale akadhani unamsema yeye. Maana jina ni la kufikiria aisee. Likishakuwa sebuleni linasomwa na wifi, na mama mkwe, na mwenye nyumba akija kufuata kodi. "Sisi sote abiria dereva ni Mungu" haina ugomvi na mtu. Zile za mafumbo ya majirani vaa ukienda sokoni, ukutani achana nazo.

Zinauzwa doti, mbili zimeungana, kwa hiyo unakata katikati moja inakwenda ukutani moja unabaki nayo au unamgawia mama. Usiiweke kabla hujaifua. Kanga mpya ina ile dawa ya kiwandani inayoifanya iwe ngumu na mikunjo yake ya dukani ni kiburi, haitoki hata kwa pasi ya mkaa. Loweka peke yake, nyekundu na nyeusi zinachuja vibaya, suuza mpaka maji yatoke meupe, anika kivulini, piga pasi ikiwa na unyevu kidogo.

Mbao sasa. Unataka moja kwa mbili, yaani inchi moja kwa inchi mbili, na ukifika yadi utaulizwa "dada za paa au za fremu?" sema za fremu, upewe zilizonyooka. Nyingi ni paini za Mafinga, nyepesi, hazisumbui msumari, ila zikiwa mbichi zinapinda zikikauka na fremu inakuwa na bega moja juu. Shika ubao usawa wa jicho, funga jicho lingine, tazama kutoka ncha hii mpaka ile, ukiona umepinda rudisha, usione aibu, mafundi wenyewe ndo wanavyofanya. Mbao mbili za futi 12 zinatosha na kipande kinabaki. Kanga ina karibu mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, mi nakata fremu ya sentimita 130 kwa 90 ili ibaki kama sentimita kumi kila upande ya kukunjia nyuma (pima yako kwanza maana kanga hazilingani). Pale yadi kuna jamaa wa msumeno, mpe vipimo akukatie hapo hapo, ni hela ya soda.

Panga vipande vinne chini sakafuni, gundi ya mbao kwenye maungio, misumari miwili kila kona, halafu kabla gundi haijashika pima kona kwa kona. Hapa ndo penyewe. Chukua futi kamba, pima kutoka kona ya juu kushoto mpaka ya chini kulia, kisha zile nyingine mbili. Zikilingana fremu imekaa mraba, kwa hicho kipimo cha 130 kwa 90 utapata kama 158 zote mbili. Zisipolingana sukuma kona moja ya kile kipimo kirefu kwenda ndani taratibu mpaka zilingane, ndo uache ikauke. Weka na ubao mmoja wa katikati kusimama, bila huo ukianza kuvuta kitambaa zile mbao ndefu zinaingia ndani. Kingo za mbele pitisha msasa zisiwe kali, kanga ni pamba nyepesi na kona ya ubao inaitoboa.

Kanga ikiwa na sehemu nyeupe mbao zitaonekana kwa nyuma hasa taa ikiwaka, kwa hiyo mi natanguliza kitambaa cha marekani au shuka jeupe lililochoka, halafu ndo kanga juu yake.

Kuvuta: laza kanga kifudifudi, fremu juu yake, anzia katikati ya upande mmoja, pini moja (zile za mashine). Hamia upande wa pili unaotazamana nao, vuta, pini moja. Kisha zile mbili zilizobaki hivyo hivyo. Una pini nne kama msalaba, sasa ndo unatoka katikati unaelekea kwenye kona, kidogo huku kidogo kule, usimalize upande mmoja wote ndo uhamie mwingine maana itajikunja mshazari na hiyo haitoki mpaka ubandue zote. Na macho yako yawe kwenye pindo, sio kwenye ukingo wa kitambaa, kwa sababu kiwandani chapa haikai sawa na kitambaa kila siku, unaweza ukafuata ukingo vizuuuri ukigeuza mbele unakuta pindo limelala upande. Kila baada ya pini chache inua uangalie mbele. Ile mashine ya pini kama huna, fundi makochi yeyote wa mtaani anayo, muombe ukiwa umeshaona asubuhi hana kazi nyingi, au tumia vimisumari vidogo vya kichwa bapa na nyundo, inachukua muda tu. Kona unakunja kitambaa kiwe bapa, pini mbili, basi. Kama kanga yako ni zile za Mombasa zenye maandishi madogo Mali ya Abdulla pembeni, yataishia nyuma ya fremu, mi naona raha kujua yapo.

Ukiipiga na kidole inalia kama ngoma ndogo, hapo umefika.

Kuna wasiopenda kitambaa, wanataka rangi. Sawa, na hapo tuna mwalimu wa nyumbani kabisa. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora hapa Dar mwishoni mwa miaka ya 60, na hakuanza na vifaa vya duka la wasanii, alikuwa anachora kwenye vipande vya hadibodi na rangi za mafuta za makopo, zile za kupakia baiskeli. Alikufa 1972 kwa risasi ya polisi waliomfananisha na mtu mwingine, muda wake wa kuchora ulikuwa mfupi mno, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendelea na mpaka leo ukienda pale Oysterbay karibu na Morogoro Stores utawakuta wasanii wamekaa wanachora hivyo hivyo kwa makopo. Nenda ukakae uangalie, hakuna anayekufukuza, ukiweza nunua kadogo.

Kitu nilichokiokota pale ni mpangilio. Nyuma inapakwa kwanza rangi moja mpaka ikauke kabisa, ndo umbo linakuja juu, likikauka ndo madoa na mistari. Rangi ya mafuta ukiiwahi inavutana na ya chini inakuwa tope. Sisi tusiojua kuchora chui wala tembo tunaweza kukaa na maumbo tu, nusu duara, jani la mgomba, dau na tanga lake, chora kwa penseli, selotepu ya karatasi kwa mistari iliyonyooka, rangi zilizobaki fundi alivyopaka nyumba. Vipande vya hadibodi waulize mafundi wa silingi, wanavitupa. Fanya nje au fungua madirisha, harufu ya tina sio ya kulala nayo na watoto.

Nyungo na kawa ukutani nazo sawa, zinajulikana, ila tatu za ukubwa tofauti zikikaa karibu karibu zinatosha, ukijaza ukuta mzima inakuwa hoteli ya watalii.

Halafu kutundika. Sijui nani alitufundisha kutundika picha karibu na silingi, za wazee zikiwa zimeinama mbele kama zinatuchungulia. Shusha! Katikati ya picha iwe usawa wa macho, na juu ya kochi iache kama shibiri mbili hivi. Fremu ya kanga ni nyepesi, misumari miwili ya zege inaibeba, lakini plasta zetu zenye mchanga mwingi zinabomoka ukigonga tu, kwa hiyo kwenye ukuta wa namna hiyo tobolea kwa drili, ingiza kile kiplastiki cha kupokea skrubu. Mpangaji mwenzangu muulize mwenye nyumba kwanza, wapo wanaokata kwenye hela ya dhamana kwa tundu la msumari.

Usiielekeze dirisha la jua la jioni, rangi inapauka. Na nyuma ya fremu kona za chini gundisha vipande vya ndala iliyokufa, ikae mbali na ukuta kidogo hewa ipite, unyevu wa masika usishike kitambaa. Mijusi watahamia huko nyuma, hilo sijapata dawa yake, mi nawapangusia vinyesi Jumamosi maisha yanaendelea. Ukichoka na picha bandua pini, fua, matundu yote yako pembeni kwa hiyo kanga unaifunga kiunoni kama kawaida, na mbao zinavalishwa nyingine. Yangu mwezi wa Ramadhani ilikuwa ya kijani, sasa hivi nimerudisha kisutu.