Honi ya usiku

Februari 2017 ukame ulitangazwa kuwa janga la kitaifa, na huku kwetu chini ya mlima Kasigau, Taita Taveta, pojo zilikuwa zimekauka kabla ya kutoa ua. Usiku nikawa nasikia pikipiki upande wa ranchi. Haikuwa inapita. Injini ilinguruma mahali pamoja, honi ikipigwa bila kuachiwa, kisha kimya.

Kila mtu kijijini alijua maana ya honi ile. Digidigi akimulikwa na tochi kali husimama kama amefungwa kamba. Haoni, na kwa kelele zile hasikii hatua za mtu anayemzunguka nyuma na rungu. Hakuna mlio wa bunduki, hakuna waya wa mtego utakaookotwa na askari. Nyama huvushwa hadi kwenye miji ya barabara ya Mombasa, ikauzwa kama ya mbuzi.

Asubuhi moja nilikwenda kuangalia. Digidigi huishi wawili wawili, dume na jike, nao hurudi mahali pale pale kunya, hata kila jozi ina rundo lake. Rundo la jozi ya nyuma ya shamba langu nililijua miaka mingi. Nilikuta alama za tairi zimelikata katikati, na damu imegandamana na vumbi. Kwenye ncha ya kijiti kando yake palikuwa na tone jeusi, lile wanalopaka kutoka kona ya jicho kuweka mpaka wao. Nililigusa, lilinata kidoleni. Jike, hana pembe, alisimama hatua kama ishirini, shungi limesimama, pua ikicheza cheza. Hakukimbia. Nilirudi nyumbani nikachukua daftari la mtoto.

Nikaandika: saa nne na dakika arobaini usiku, pikipiki moja, watu wawili, njia ya lambo. Usiku wa tatu walipita karibu na boma langu, taa wamezima, lakini mbalamwezi ilitosha. Nililiona gunia, na rifleta ya dereva, ile fulana ya kung'aa, iliyochanika begani. Rifleta ile niliijua. Mwenyewe ndiye aliyempeleka mama yangu hospitali usiku wa manane mwaka uliotangulia, na nauli hakuidai hata siku moja.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili, kisha nikaenda polisi.

Askari wa kaunta aliandika kwenye OB, kitabu cha matukio, hilo alilifanya. Lakini alipomaliza alinisomea yote kwa sauti, jina langu na kijiji changu, mbele ya benchi lililojaa watu, na wawili kati yao walikuwa madereva wa boda. Mpaka leo jambo lile linanichoma. Anayemripoti jirani yake hana pengine pa kuhamia. Analala kwenye nyumba ile ile, mlango ule ule.

Jioni mjomba alikuja.

"Mwanangu, yule ni kijana wetu. Ni njaa."

"Mjomba, njaa inabeba mmoja. Gunia ni biashara."

Akanyamaza, akaomba maji. Hakunilaumu tena, wala hakuniunga mkono.

Kesho yake niliwapigia askari wa wanyamapori, KWS. Aliyepokea hakuniuliza jina. Aliuliza saa, njia, wangapi, wana silaha gani, wanatokea wapi kwenye barabara ya murram. Nilimsomea daftari ukurasa kwa ukurasa. Akasema, "Mama, usiwafuate. Usitoke nje ukisikia honi." Nadhani hayo ndiyo maneno niliyoyataka tangu mwanzo, mtu aonyeshe kwamba amefikiria na mimi nitakuwa wapi.

Baada ya siku tano waliwangoja pale njia ya lambo inapokutana na murram. Gunia lilikuwa na makaa juu. Chini yake digidigi kumi na mmoja, wamefungwa miguu. Kijana alipelekwa mahakamani pamoja na mwenzake.

Honi zilikoma kwa muda. Jike nilimwona mara mbili zaidi kwenye rundo lile, peke yake, kisha sikumwona tena.

Wiki iliyofuata boza la maji lilikuja. Nilijaza mtungi wangu, nikageuka kutafuta wa kunitwisha. Aliyekuwa nyuma yangu ni mama wa yule kijana. Tumetwishana maji tangu nilipoolewa. Aliutazama mtungi, akanitazama, akainama kufunga kifuniko cha wake. Nilipiga goti nikajitwisha.