Namugongo kwa Miguu, Karibu Yote

Busia niliibiwa kabla sijatembea hata kilomita moja. Jamaa wa kubadilisha pesa alinihesabia noti mbele ya macho yangu, upesi kama mchanganya karata, na nilipozihesabu upya ng'ambo ya mpaka zilipungua elfu ishirini za Uganda. Nikajiambia, haya, hiyo nayo ni sadaka, iandikwe.

Maana nilikuwa na daftari. Tulitoka watu 14 kwenda Namugongo, karibu na Kampala, kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Juni 3, nami nilikuwa na nadhiri: sipandi chochote. Kila jioni niliandika kilomita, mvua na malengelenge. Iganga, Jinja, daraja la Nile, zote zimo, wala hazina la kusimulia ila bei ya vyumba, ambayo msimu huu hupanda kana kwamba mahujaji ni matajiri.

Msitu wa Mabira ndio ulionimaliza. Mvua iliingia viatuni ikakaa humo, na kufika Namawojjolo, pale vijana wanapowasukumia abiria nyama choma na gonja, ndizi za kuchoma, dirishani, kisigino changu cha kushoto kilikuwa nyama tupu. Wenzangu walishatangulia. Nikaketi juu ya kreti ya soda.

Mama mmoja muuza gonja akaacha jiko lake. Alikuwa na Kiswahili cha kambini. Marehemu mumewe alikuwa askari.

"Toa kiatu, mwanangu."

Akaleta beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi. Soksi ilikuwa imeganda kwenye kidonda. Aliilowesha kwanza, akaivua taratibu kama anayemenya ndizi ya moto. Nikamtolea elfu tano.

"Unalipa nini?"

"Asante tu, mama."

"Asante ni neno. Hii ni pesa."

Akaliona daftari, akalifunua, akacheka mpaka wateja wakageuka. Yeye ni mlokole, si Mkatoliki, lakini Kizito, mdogo wa Mashahidi wale, anamjua. Mtoto yule alibatizwa na Karoli Lwanga, shahidi mwenzake, kule Munyonyo alfajiri ya Mei 26, 1886; Juni 3 akachomwa moto.

"Mkristo wa wiki moja," mama akasema. "Daftari lake lilikuwa na nini?"

"Lakini alikufa kwa ajili ya imani. Hiyo si kazi?"

"Miaka kumi na minne! Ule moyo wa kufa alijitengenezea mwenyewe?"

Sikuwa na jibu. Nilikumbuka kwetu, mwenyekiti wa jumuiya anavyosoma kila Jumapili nani katoa ngapi, na sisi wenye mia mbili tunavyotazama sakafu. Nadhani daftari lile nililianzia pale. Na mama yangu alishatangaza kwamba mwanawe anatembea.

Yule mama akasimamisha taksi, akasemezana na konda Kiluganda, nikapakiwa. Kireka nilipotoa nauli, konda alikataa: imeshalipwa. Na jina la mama yule sikuuliza.

Jioni, Namugongo, katikati ya umati na turubai za kukodi (nazo bei yake msiniulize), simu ikaita. Mama yangu, kutoka nyumbani.

"Umefika kwa miguu?"

"Mpaka Namawojjolo, mama. Kisha taksi."

Kimya. Nilijua jumuiya nzima inasubiri jibu hilo.

"Umekula?" akauliza.