Hamsini, Arobaini na Saba au Ishirini: Kasi ya Kuchapa kwa Hesabu ya Nani?

Mtu amechapa kwa dakika 5, amebonyeza vitufe mara 1,250, na ameacha makosa 15 bila kuyasahihisha. Kasi yake ni maneno mangapi kwa dakika? Mtihani mmoja utampa 50. Wa pili utampa 47. Wa tatu, ule wa enzi za taipureta, utampa 20. Vidole ni vilevile, karatasi ni ileile. Kwa hiyo anayejisifu kwamba anachapa 80, muulize kwanza amepimwa kwa hesabu ipi.

Tuanze na "neno", maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kwenye mitihani hii neno si lile la kamusi. Ni mibonyezo 5, iwe ya herufi, spesi, nukta au koma. Mibonyezo 1,250 ukigawa kwa 5 unapata maneno 250. Ukigawa tena kwa dakika 5 unapata 50. Hiyo ndiyo kasi ghafi, na haijali umekosea mara ngapi.

Kanuni hii ya mibonyezo 5 inatutendea haki sisi wa Kiswahili. "Hawatakutambulisha" kwa macho ni neno moja, lakini lina herufi 18. Ukiongeza spesi ni 19, yaani maneno 3.8 ya mtihani. Mtihani ungekuwa unahesabu kwa spesi tu, Mwingereza anayesema jambo hilohilo kwa maneno matano angepewa tano, wewe moja.

Kasi halisi hupatikana kwa kutoa makosa uliyoyaacha: kila moja linakata neno moja. Makosa 15 kwa dakika 5 ni 3 kila dakika, na 50 inashuka hadi 47. Usahihi ni hesabu nyingine kabisa: 1,235 kati ya 1,250, yaani asilimia 98.8. Hapo tunachukulia kila kosa ni mbonyezo mmoja.

Ile 20 ndiyo yenye ukali. Katika mashindano ya taipureta nchini Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, kosa moja lilikatwa maneno 10. Makosa 15 yanameza maneno 150, yanabaki 100, na kwa dakika 5 ni 20. Ndiyo maana 147 ya Albert Tangora, aliyoipata mwaka 1923 kwa kuchapa saa nzima kwenye taipureta ya Underwood, haiwekwi mzani mmoja na 147 ya kijana aliyechapa sekunde 15 kwa maneno mepesi yasiyo na herufi kubwa wala koma.

Sasa swali ambalo watahiniwa wengi hawalifanyii hesabu: nikikosea, nifute au niendelee? Kwenye kasi ya 50, mbonyezo mmoja unachukua milisekunde 240. Ukiligundua kosa papo hapo, unapoteza mibonyezo miwili: ule mbovu na ule wa kufuta. Ukiligundua baada ya herufi 6 zaidi, umeshachapa 7, unafuta 7, unachapa upya 7. Hasara ni mibonyezo 14, zaidi ya sekunde 3. Kosa ukiliacha lilivyo, kwa hesabu ya kasi halisi unakatwa neno moja tu, sawa na mibonyezo 5. Kwa hiyo futa kama umepita herufi moja tu baada ya kosa. Ukiwa umepita mbili au zaidi, songa mbele. Ni ushauri wa kuchuma alama, si wa kuandika barua ya bosi.

Ushauri huo unageuka sumu kwenye Monkeytype, tovuti ya kupimia kasi ya kuchapa. Pale kasi inahesabiwa kutokana na maneno yaliyo sahihi kikamilifu tu. Herufi moja ikiharibika, neno zima linatupwa nje ya hesabu. Kwa "wanavyoshughulikiwa" umepoteza herufi 19 pamoja na spesi yake kwa kidole kimoja kilichoteleza, hasara ambayo maneno mafupi hayaijui. Huko sahihisha kabla hujabonyeza spesi. TypeRacer, tovuti ya kushindana kuchapa, haikupi hata nafasi ya kuchagua, kwa sababu kosa likiwepo huendi mbele mpaka ulifute.

Kuna na makosa ya mtihani wenyewe. Programu iliyotengenezwa kwa haraka hulinganisha herufi kwa nafasi yake: ya saba na ya saba, ya nane na ya nane. Ruka "n" moja kwenye "wanafundisha", uandike "wanafudisha". Kuanzia nafasi ya saba kila kitu kimesogea, na kosa moja linahesabiwa sita kabla neno halijaisha. Iliyotengenezwa vizuri hujipanga upya kila ukibonyeza spesi, au hutafuta mabadiliko machache zaidi yanayoligeuza andiko lako liwe lile la mtihani, na hapo linabaki kosa moja.

Halafu ritifaa. Matini ikinakiliwa kutoka Word, "ng'ombe" huja na ritifaa iliyopinda, wakati kibodi yako inatoa iliyonyooka. Macho hayaoni tofauti, kompyuta inaiona. Ukiona kila "ng'" inawaka nyekundu ilhali umechapa sawasawa, tatizo liko kwa aliyepakia matini.

Saa nayo, mara nyingi, huanza kukimbia ukibonyeza kitufe cha kwanza, kwa hiyo huna haja ya kukurupuka. Soma mstari wa kwanza ukiwa umetulia. Na usipimwe kwa sekunde 15 ukadhani umejijua. Dakika 5 za matini yenye tarakimu na alama ndizo zinazofanana na kazi ya ofisini. Kwa kulinganisha, utafiti wa mwaka 2018 wa Chuo Kikuu cha Aalto cha Finland na wenzao wa Cambridge, wenye washiriki 168,000, ulipata wastani wa maneno 52 kwa dakika.

Kazi za kuingiza data hutaja mibonyezo kwa saa. Gawa kwa 300 upate maneno kwa dakika: 10,500 ni 35, na 8,000 haifiki hata 27. Namba kubwa hizo zisikutishe.

Lakini kwenye matangazo ya Tanzania ya nafasi za Katibu Mahsusi, yale "maneno 80 kwa dakika moja" si ya kibodi. Ni ya hatimkato, yaani mwandiko wa alama za mkato, ya Kiswahili na Kiingereza, ambapo unaandika kwa mkono huku mtu anakusomea. Hata uwe na 120 za Monkeytype, hazijibu sharti hilo.