Mama amebaki Katuba: jinsi tulivyoamua

Mama alipotoka hospitali baada ya kiharusi, mguu wa kushoto ukiwa mzito, sisi watoto tulikuwa na njia tatu: ahamie kwangu Bel-Air, hapa Lubumbashi, apelekwe nyumba ya wazee ya masista, au abaki kwenye lupango lake, yaani kiwanja chake, Katuba, mtaa mwingine wa mji huu huu, katika nyumba ambayo marehemu baba aliimalizia kwa pesa aliyopewa alipotoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mwaka 2003, kwenye ule mpango wa kuondoka kwa hiari.

Kwa masista nilifika na yaya, mkubwa wangu wa kuzaliwa. Ni pasafi, na wazee wanatunzwa kwa upendo. Ila sista aliyetupokea alituambia waziwazi kwamba vitanda ni vichache, na wanaotangulizwa ni wale wasio na mtu, wengine wamefukuzwa na watoto wao wenyewe kwa kusingiziwa uchawi. Hatukuweza kumnyima mzee wa namna hiyo kitanda.

Kwangu kuna nafasi na choo cha ndani. Yaya alishikilia hapo. Nikamwomba tuitazame siku ya mama tangu asubuhi: mimi na mke wangu tuko kazini, watoto shuleni, geti limefungwa. Atazungumza na nani mpaka saa kumi na moja? Katuba anakaa mlangoni na mafungu yake ya makala (mkaa) ya kuuza, na kila apitaye husimama kumsalimu. Tulipomuuliza mwenyewe, alisema: "Mwanangu, kwako nitakula vizuri, lakini nani ananijua kule?"

Basi kazi ikawa kuitengeneza Katuba, maana vile ilivyokuwa isingefaa. Choo kilikuwa nyuma ya nyumba, na mvua ikinyesha njia yote inateleza. Tena mwezi wa sita, baridi ya usiku ikibana, mama huingiza mbabula, jiko la makala, chumbani. Hewa ya sumu ya makala haionekani, na inaua mtu usingizini. Kulala peke yake hakukuwezekana.

Binti wa mama mdogo, mjane, alikubali kuhamia. Tunamlipa kila mwezi. Nilikataa kabisa lile neno la "atakula humo humo", kwa sababu kumwinua mgonjwa usiku ni kazi. Fundi alijenga choo ndani na kukaza bomba la chuma ukutani la kushikia. Kitanda kilikuwa chini mno, tukakiinua kwa matofali mpaka mama akikaa ukingoni nyayo zote zikanyage sakafu. Sasa anasimama bila kuvutwa mikono. Dawa za presha zina daftari lake, kila kidonge na saa yake.

Katiba yetu ya Kongo, kifungu cha 40, inawapa watoto wajibu wa kuwasaidia wazazi. Michango tuliigawa sisi wenyewe, kwa karatasi iliyosomwa mbele ya mama: aliye Kolwezi anatuma zaidi, asiye na kazi anampeleka kliniki. Chini yake tuliandika kwamba mguu wa pili ukilegea, atakuja Bel-Air pamoja na huyo dada anayemtunza. Mama alikubali.