Kabla hujanunua sensa ya noki, fuata waya

Wiki mbili gari langu lilikuwa zito. Kupanda mlima Kitonga nilikanyaga mafuta mpaka mwisho na bado nikashindwa kulipita lori, huku taa ya injini imewaka. Iringa mjini fundi akachomeka mashine ya kusoma hitilafu, ikaandika msimbo P0325: sensa ya noki. Akataka tubadilishe palepale. Nikamwomba, kaka, tuipime kwanza.

Sensa hii ndiyo sikio la injini. Mafuta yakilipuka vibaya ndani ya silinda, ndiyo noki yenyewe, inageuza ule mtikisiko kuwa umeme kidogo, na kompyuta inachelewesha moto wa plagi. Ikikosa taarifa zake, kompyuta huchelewesha kwa tahadhari tu, nguvu inapotea.

Tukachomoa soketi ya sensa, tukaweka multimita (kipima umeme) kwenye volti za AC, fundi akagonga bloku ya injini taratibu kwa spana karibu na sensa. Kila akigonga, namba zinaruka. Sensa nzima kabisa! Tukafuata waya hadi chini ya manifoldi, yale mabomba yaliyofungwa kwenye injini: panya wameutafuna, shaba iko nje na imeota ukijani. Tukaunga, tukafunga, tukafuta hitilafu.

Leo nimepanda Kitonga kwa raha. Fundi, asante sana kwa subira yako.