Leo nimeiona SOFIA kwa macho yangu

Jamani, ndiyo kwanza natoka Pima Air & Space Museum, hapa Tucson, Marekani, na bado nimeduwaa.

SOFIA ni ile Boeing 747SP iliyobeba darubini ya mita 2.5 hadi ilipostaafishwa mwaka 2022. Ilipanda zaidi ya kilomita 12, maana mvuke wa maji huku chini humeza karibu mwanga wote wa infraredi ya mbali utokao angani, yaani mwanga wa joto usioonekana kwa macho.

Nikaenda ubavu wa kushoto, nyuma ya bawa.

Hapo ndipo mlango wa darubini ulipokuwa ukifunguliwa, ndege ikiwa angani! Niliukodolea macho hadi mwanangu akanivuta shati: "Baba twende, jua kali."

Nikaanza kumweleza habari za HAWC+, kamera iliyofungwa kwenye darubini ile. Kila chenye joto hung'aa katika mwanga huo wa infraredi, hata kamera yenyewe. Ni kama kutafuta kimulimuli huku umeshika karabai.

Basi vihisio vyake vikapozwa hadi karibu nyuzi 273 chini ya sifuri. Heli ya kimiminika, yaani gesi ya heli iliyopozwa hadi ikawa kama maji, peke yake haikufika huko, ikabidi waongeze mtambo wa kupoza kwa sumaku.

Mtoto akauliza: "Na friji yetu je?"

Nimecheka njia nzima.

Kamera hiyo ndiyo iliyochora uga wa sumaku wa galaksi M82. Wapenzi wa anga, nani amewahi kufanya kazi na heli ya kimiminika? Tupeni stori, mwanangu anasubiri majibu.